Treni ya Saa Moja Kasoro Ishirini

Siku tuliyohamia Longbridge, kusini kabisa mwa Birmingham, mume wangu alisimama katikati ya sebule tupu, akainua kidole, akaniambia nisikilize. Niliweka chini boksi nililokuwa nimebeba, nikasikiliza.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo," akasema, uso umemkunjuka kama mtu aliyetua mzigo.

Tulikuwa tumetoka Small Heath, upande mwingine wa jiji hilohilo, mtaa wenye Wasomali wenzetu wengi, tulikokaa miaka minane juu ya duka la vitambaa. Kule mtu hakugonga mlango. Aliita kutoka barabarani mpaka ukachungulia dirishani. Wanawake walikuja bila taarifa, wakavua viatu, wakaingia jikoni kwangu na kufunua sufuria. Nilikuwa nimechoka. Mimi ndiye niliyesema tuhame, kwa hiyo hata leo siwezi kumlaumu mtu. Nilitaka bustani ndogo nyuma ya nyumba, shule nzuri kwa binti zetu wawili, na mlango usioingiwa bila taarifa.

Nilivipata vyote. Mtaa wetu una nyumba za matofali mekundu zilizoshikana mbili mbili, kila moja na kipande chake cha nyasi mbele. Asubuhi watu hutoka mmoja mmoja, wengine kwa magari, wengine kwa miguu kuelekea kituo cha treni, na ikifika saa tatu barabara imebaki tupu kiasi kwamba ukisikia hatua za mtu unajua ni mleta barua. Jioni wanarudi, taa zinawaka, mapazia yanafungwa. Jumamosi mashine za kukata nyasi hunguruma, moja ikinyamaza nyingine inaanza. Siku ya taka kila mtu huchungulia kwanza jirani ametoa pipa la rangi gani, ndipo naye atoe la rangi hiyo. Salamu ni kuinua kidevu na kubana midomo. Mwanzoni nilidhani wananichukia kwa sababu ya hijabu. Baadaye nikaona kwamba wao kwa wao pia husalimiana hivyohivyo.

Ilinichukua karibu mwaka kutambua nilichokikosa. Kilikuwa lugha, tena si Kisomali. Kisomali ninacho ndani ya nyumba.

Nilizaliwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, nikakulia hapo. Ndani tulisema Kisomali, lakini mlango ukifunguliwa tu, ilikuwa Kiswahili: na watoto wa Kiborana tuliopakana nao ua, na mama wa Kimeru aliyetuuzia mboga, na mwalimu, na fundi wa baiskeli. Mamangu alikisema vibaya. Alisema "kitoto yangu" na "watu imekuja," na sisi watoto tulimcheka mpaka akaturushia kandambili, huku naye anacheka. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipelekwa Uholanzi kwa shangazi yangu. Huko ndiko nilikoolewa, na kutoka huko ndipo tulipokuja Uingereza. Mume wangu alifika Rotterdam akiwa mtoto mchanga. Kiswahili hana hata neno. Binti zetu, ukiwasemesha Kisomali, wanakujibu Kiingereza, na Kiswahili hawajapata kukisikia. Kwa hiyo kilibaki kichwani mwangu peke yangu. Nilihesabu kwa Kiswahili. Nikijikata kidole jikoni, nililia kwa Kiswahili. Small Heath walikuwepo wanawake wawili watatu waliolelewa Garissa na Eastleigh ya Nairobi, tukikutana dukani tunapiga soga, wala sikujua kwamba pale nilikuwa nikila na kushiba. Longbridge sikuwa na mtu.

Kazi yangu ni ya kuchonga lenzi za miwani, katika karakana moja katikati ya jiji. Tunaanza saa moja na nusu, kwa hiyo napanda treni ya saa moja kasoro ishirini. Wanaosafiri na treni hiyo ni walewale kila siku, na kila mmoja ana mahali pake pa kusimama jukwaani, kama waumini wenye viti vyao. Kulikuwa na bwana mwenye baiskeli inayokunjwa, kijana wa masikio yaliyozibwa na visikizio, na mama mmoja wa kofia ya kijani aliyesoma kitabu akiwa amesimama hata mvua ikinyesha. Mwaka mzima nilisimama nao, wala hatukuwahi kusemezana.

Kisha asubuhi moja ya Novemba, giza bado limetanda, nikasikia nyuma yangu:

"Mama, dawa umemeza? Usinidanganye. Zile nyeupe umemeza?"

Kilikuwa Kiswahili. Niligeuka kidogo, nikaona mwanamke wa makamo yangu, mfupi, amevaa koti zito la bluu juu ya sare ya uuguzi, simu ameibana kati ya sikio na bega huku akitafuta kitu mkobani. Alikuwa mgeni pale kituoni. Nilitaka kumwambia kitu. Sijui kwa nini sikufungua mdomo. Labda ule ubaridi wa mtaa ulikuwa umeshaniingia mwilini. Labda nilijua kwamba akiniangalia ataona hijabu na mwanamke wa Kisomali, na hatafikiria Isiolo wala Kiswahili. Treni ikaja, tukapanda, yeye mlango wake, mimi wangu.

Tangu siku hiyo nikawa namsubiri. Alimpigia mamake karibu kila alipokuwa na zamu ya mchana, dakika zile kumi kabla ya treni, akiongea kwa sauti kamili kwa sababu alijua hakuna anayemwelewa. Na mimi polepole nilihama kutoka mahali pangu pa siku zote, hatua moja leo, hatua moja kesho, mpaka nikawa nasimama karibu naye kabisa, nikitazama reli.

Kwa njia hiyo niliijua familia yake. Nilijua kwamba mama yuko Nyahururu, anaumwa magoti, na anakataa fimbo kwa sababu fimbo ni ya wazee. Nilijua ng'ombe amezaa ndama dume na wote wamesikitika. Nilijua jirani amesogeza ua. Nilijua pia kwamba kaka yake mdogo anakunywa pombe, na kwamba ameanza kumpigia mama kelele. Asubuhi moja nilimsikia huyu dada akilia, akisema, "Usimfukuze, mama. Ukimfukuza ataenda wapi? Mfungie tu ule mlango wa jikoni ulale." Mimi niko hatua mbili kutoka kwake, machozi yananilenga kwa ajili ya mtu nisiyemjua jina, na bado nikanyamaza. Nilijua si vizuri. Kila jioni nilijiambia kesho nitamsalimu. Lakini kadiri nilivyosikia mengi, ndivyo salamu ilivyokuwa ngumu, kwa maana ningemwambiaje kwamba nimekuwa nikimsikiliza wiki zote hizo?

Siku ambazo hakuwepo, siku yangu yote karakanani iliharibika.

Mwezi wa Januari kukawa na barafu kwenye reli, na treni ikachelewa. Watu walishusha pumzi, ule mshuko wa pumzi ambao ndio malalamiko yao makubwa, wakaendelea kusimama. Yeye alikuwa simuni. Sauti ya mama ilisikika kidogo kutoka kwenye simu, ikiuliza kitu.

"Niko peke yangu, mama," akajibu. "Watu wapo, lakini ni kama hawapo. Hawa hawaongei. Hata kuna mama mmoja Msomali husimama hapa kando yangu kila siku. Hajawahi kunisalimu. Ananiangalia tu kwa pembe ya jicho, uso ameukunja ni kama amelamba shubiri. Aki sijui nilimkosea nini."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Dada, mimi uso wangu ndio huu. Nilizaliwa nao. Sijakununia."

Simu ilimponyoka, akaidaka kwa mikono miwili tumboni. Alinitazama mdomo wazi. Kwenye simu mama alikuwa akiita, "Ni nani huyo? Nani anaongea Kiswahili hapo?"

"Nitakupigia, mama," akasema, akakata. Kisha kwangu: "Woi. Woi, nisamehe. Sikujua unaelewa."

"Hakuna neno," nikasema, na nikaanza kucheka, kwa sababu kweli nilikuwa na furaha mno. "Mimi ni wa Isiolo."

Naye akacheka. Tulicheka mpaka bwana wa baiskeli akageuka kututazama. Halafu nikaona kicheko kikimwisha usoni kidogo kidogo.

"Kwa hivyo unaelewa kila kitu?"

"Naam."

"Na umekuwa ukisimama hapa tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya. "Tangu Novemba," nikasema.

"Na yale ya ndugu yangu? Uliyasikia?"

Niliitikia kwa kichwa. Aliitia simu mkobani, akafunga zipu. "Hiyo si tabia nzuri," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Akatembea hadi mwisho wa jukwaa, na treni ilipofika akapanda behewa la mbele.

Siku tatu alisimama kule mwisho. Sikumfuata. Nyumbani nilikuwa sina raha, na mume wangu alipouliza kulikoni, nikajikuta siwezi kueleza. Ningesema nini? Kwamba nimegombana na mtu wa kituoni ambaye sijawahi kuzungumza naye?

Siku ya nne alikuja akasimama mbele yangu, kikombe cha chai mkononi.

"Nimemweleza mama yote," akasema. "Ameniambia mimi ndiye mwenye makosa. Amesema wewe ulisikia tu, kwa sababu Mungu alikupa masikio, lakini mimi ndiye niliyetukana uso wa mtu. Kwa hivyo nisamehe."

"Na wewe nisamehe. Ningesema tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa na njaa ya kusikia Kiswahili, na niliogopa nikisema ataacha kuongea. Akanipa kile kikombe, nikanywa nusu, nikamrudishia.

Tangu hapo safari ya dakika ishirini na kitu mpaka katikati ya jiji ikawa ndiyo saa nzuri kuliko zote katika siku yangu. Alinieleza kwa nini nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili: mama ni Mluhya wa Kakamega, baba alikuwa Mkikuyu wa Nyahururu, na Kiswahili ndicho walichokutania. Mimi nilimweleza Isiolo, lile vumbi, na upepo unaoanza saa nane mchana na kufunga milango yote wenyewe. Tulibishana kama inaitwa "waru" au viazi. Alisema Kiswahili changu ni cha zamani, kwamba nasema kama kitabu cha darasa la nne, na mimi nikamwambia chake kimejaa Kiingereza mpaka kinakohoa. Siku moja yule mama wa kofia ya kijani aliweka kidole midomoni, akatuonyesha ishara ya kupunguza sauti. Tuliona haya sana. Tukanong'ona kwa vituo viwili, kisha tukasahau.

Alikuwa amepanga chumba kwa familia moja, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Jumamosi ya kwanza aliyokuja kwangu, nilisonga ugali na kupika mbuzi, na yeye akaleta sukuma wiki kutoka soko la mjini. Mume wangu alikaa nasi, akatabasamu pale sisi tulipocheka, kisha akaomba ruhusa akaenda kumwagilia maua yake. Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba haelewi. Wakati wa kuosha vyombo binti yangu mkubwa alisimama mlangoni mwa jikoni akatutazama kwa muda mrefu. Mgeni alipoondoka, aliniambia kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba sauti yangu ilikuwa nyingine.

"Nyingine vipi?"

"Kubwa zaidi. Na ulikuwa mcheshi. Sikujua kama wewe ni mcheshi."

Alisema bila ubaya wowote. Niliendelea kupangusa sahani, lakini moyo uliniuma, kwa kuwa mtoto amekaa nami miaka kumi na moja bila kumwona kamwe yule mama yake aliyekuwa akicheka jikoni.

Mama wa Nyahururu alitaka kuzungumza nami. Ilikuwa Aprili, pale jukwaani, jua limeshaanza kutoka mapema. Rafiki yangu alinipa simu bila kunionya.

"Wewe ndiye wa Isiolo?" sauti ikauliza. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea.

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilikuwa naleta viazi Isiolo, zamani, kabla magoti haya hayajaniasi. Jua la huko liliniua. Mamako yuko?"

Nikamwambia alishafariki. Alifariki mwaka wa pili baada ya mimi kufika Uingereza, makaratasi yangu hayakuwa tayari, sikuweza kwenda kumzika. Nilikuwa sijawahi kuyasema haya kwa Kiswahili. Kwa Kisomali nilikuwa nimeyasema mara nyingi mpaka yakawa laini, lakini kwa Kiswahili yalitoka yakiwa na ncha.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Pole sana. Alikuwa anauza nini?"

"Maziwa ya ngamia, mama. Karibu na stendi."

"Basi nilimwona," akasema. "Wale wanawake wote nilikuwa nawaona. Huenda tulisalimiana."

Najua wanawake waliouza maziwa pale walikuwa wengi. Lakini siku nzima nilichonga lenzi nikiwaona wawili hao wakipishana stendi, mmoja na gunia la viazi, mwingine na kibuyu, mamangu akisema, "Viazi yako nzuri."

Mwezi wa Juni mama aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji Nairobi, ukaenda vizuri, lakini hakuweza tena kukaa peke yake, na yule kaka hakuwa mtu wa kuachiwa mgonjwa. Rafiki yangu alienda kwa wiki mbili. Aliporudi, alikuwa amekonda. Aliketi karibu nami kwenye treni, akatazama dirishani mpaka tulipopita stesheni ya chuo kikuu.

"Nimeandika barua ya kuacha kazi," akasema. "Narudi."

"Likizo?"

"Narudi kabisa. Mimi kutwa nawageuza mama za watu kitandani, nawaosha, nawachana nywele. Na wangu anaogeshwa na msichana wa jirani. Nimeshindwa, dada."

Ningepaswa kumwambia umefanya vizuri. Nilichosema ni, "Wewe una bahati."

"Bahati gani? Mama amevunjika."

"Una pa kurudi. Mimi Isiolo sina mtu. Baba alitangulia, mama akamfuata, kaka zangu wako Minneapolis na Nairobi, nyumba ilishauzwa, nasikia pamejengwa gorofa. Nikienda leo nitafikia hoteli. Mtu anafikia vipi hoteli kwao?"

Alinishika mkono tukakaa hivyo mpaka treni ikaingia chini ya jiji, kwenye giza la stesheni kuu. Baadaye niliona aibu kwamba nilimfanya yeye anibembeleze siku ambayo ni yeye aliyestahili kubembelezwa. Nilimwomba radhi. Akasema, "Wacha hayo. Ungesema nini kingine?"

Aliondoka mwisho wa Agosti. Mume wangu alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari. Mizigo ilikuwa imezidi, tukafungua sanduku sakafuni mbele ya watu, tukatoa mablanketi mawili na viatu vya wadi, tukacheka, tukalifunga tena kwa kulikalia. Miche yake ya sukuma wiki aliyokuwa ameiotesha kwenye ndoo aliniachia mimi. Konokono wa bustani yetu waliimaliza kwa wiki moja. Nilimpigia kumwambia, akasema hao konokono ni Waingereza kweli, wanafanya kazi bila kelele.

Nilifikiri nimezoea ukimya. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimekaa nao vizuri tu. Lakini baada ya yeye kuondoka, jukwaa lilinilemea. Nilirudi mahali pangu pa zamani pa kusimama. Mara mbili nilikosa treni kwa makusudi nikapanda ya baadaye, nisione pale alipokuwa akisimama. Jumamosi moja nilipanda basi mpaka Small Heath kuwatembelea wale wanawake. Mmoja alikuwa amehamia Leicester, na mwingine alinipokea vizuri sana, tukanywa chai, lakini simu yake iliita, watu waliita mlangoni, watoto walipigana, na baada ya saa moja nikashangaa kujikuta natamani kurudi Longbridge, kwenye nyumba yangu isiyo na sauti. Nilirudi nikiwa sijui hasa mimi ni mtu wa wapi.

Kilichobaki ni Jumapili. Kila Jumapili alasiri, wakati binti zangu wako juu na vitabu vyao, napiga simu Nyahururu. Rafiki yangu anazungumza kidogo kisha anampa mama simu. Mama sasa anatembea na fimbo na ameacha kuikasirikia. Kaka ameenda Nakuru kutafuta kazi, hawajui kama ameacha pombe. Mama hupenda kuniuliza mambo ya huku: mvua, mboga, kama kuna kuni. Jumapili moja akauliza, "Na majirani zako hawajambo?"

"Nadhani hawajambo, mama."

"Unadhani? Wa mkono wa kulia anaitwa nani?"

Miaka mitatu tumeegemeana ukuta mmoja. Nilijua ni mzee, anaishi peke yake, ana paka wa kijivu, na hutoa pipa lake kabla ya watu wote. Jina sikulijua.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo mbaya. Akifa utamlilia kwa jina gani?"

Siku ya taka iliyofuata nilitoka mapema. Mzee alikuwa ananyoosha pipa lake liwe sambamba na ukingo wa barabara. Nilimwambia habari ya asubuhi, nikamtajia jina langu, nikamuuliza lake. Alinitazama kana kwamba nimemwomba aimbe. Kisha akavua glavu, akanipa mkono na kunitajia jina lake. Tukataja hali ya hewa, ikaisha. Nilidhani ataingia ndani, lakini alibaki pale. Aliuliza kama huwa nasumbuliwa na redio yake. Nikamwambia sijawahi kuisikia.

"Naiweka chini," akasema. "Ingawa mimi ni mtu wa kelele."

Akanionyesha kwa kidevu upande wa bondeni, palipo maduka makubwa na nyumba mpya. Pale pote, akasema, palikuwa kiwanda cha magari. Alifanya kazi humo miaka thelathini na moja, akipaka rangi milango. Zamu zikibadilishana, watu walijaa barabara hii kwa miguu na baiskeli, wakipigiana mbinja, wakiitana majina, na ungesikia mashine kutoka kitandani.

"Nilipokuja mezani nilikuwa napayuka," akasema. "Mke wangu alikuwa ananiambia, mimi si mashine, punguza sauti. Walipofunga, nilikaa jikoni asubuhi nikasikia saa ya ukutani. Miaka yote sikujua kama ile saa ina sauti."

Nilitaka kumwambia kwamba nayaelewa hayo kuliko anavyofikiri, lakini Kiingereza changu cha mambo kama hayo ni kifupi. Nilimuuliza tu kama huwa anapita kule kwenye maduka. Akasema anakwenda kununua mkate, na kila mara akiwa kwenye foleni anajaribu kukisia amesimama juu ya sehemu gani ya kiwanda. Hajui. Kila kitu wamekisawazisha. Kisha akavaa glavu yake, akainua kidevu, akaingia ndani.

Jumapili nilimpa mama lile jina. Akalirudia vibaya mara tatu, akasema ni jina gumu, nimsalimie. Nilimfikishia mzee salamu zake. Akaniuliza Nyahururu ni wapi, na kama kuna baridi, nikamwambia ndiyo, huko ni juu na kuna baridi kali. Akasema nimwambie mama ajifunike vizuri. Nilimwambia.

Rafiki yangu ananisihi niende Agosti. Amesema kitanda kipo, na kutoka Nyahururu mpaka Isiolo ni safari ya nusu siku, tutaenda pamoja tukaone hiyo gorofa, nami nitalia, kisha tutakula, tutarudi. Mume wangu amesema niende, atabaki na watoto. Binti yangu mkubwa ameuliza kama anaweza kuja, akauliza tena kesho yake. Nami kila Jumapili nasema labda mwakani, na mama ananiuliza mwakani ya mwaka gani, na simu ikishakatwa nabaki nimeketi sebuleni kwa muda, barabara nje haina mtu, nikirudia kwa sauti ndogo maneno aliyoyasema.